Droni Haijamwondolea Ofisa Wajibu wa Kutangulia

Tangu vita vya Ukraine vianze kupiganwa chini ya macho ya droni, kuna hoja moja ambayo wachambuzi wa mambo ya kijeshi wameirudia hadi imeanza kupokelewa bila kuulizwa: kwamba zama za ofisa anayetangulia mbele ya askari wake zimekwisha. Wanaoishikilia wanasema mahali pa kamanda wa leo ni chini ya ardhi, mbele ya skrini, akiuona uwanja mzima kwa picha zinazotumwa kutoka angani, na kwamba akitoka humo kwenda kwa askari wake ataongeza tu idadi ya maiti. Naamini hoja hii imelielewa jambo lenyewe vibaya. Imechukua sura moja ya uongozi wa mfano, ile ya ofisa aliyesimama wima huku risasi zikimpita sikioni, ikadhani hiyo ndiyo yote. Ofisa anayeongoza kwa mfano ni yule anayebeba sehemu yake ya mzigo anaowatwisha wengine, na anayefika mahali uamuzi wake unapohitajika hata kama pana hatari. Wajibu huo haukuletwa na upanga wala bunduki, na droni haikuufuta. Imeufanya uwe mgumu zaidi, na wakati huohuo uhitajike zaidi.

Tuwape haki yao, kwa sababu kuhusu hatari hawasemi uongo. Katika miezi ya mwanzo ya uvamizi wa mwaka 2022, Urusi ilipoteza majenerali kadhaa karibu na mstari wa mbele: Andrei Sukhovetsky, kisha Vladimir Frolov, kisha Roman Kutuzov. Maelezo yaliyotolewa na wengi ni kwamba mawasiliano yalikuwa mabovu na maofisa wa chini hawakuzoeshwa kuamua bila kuambiwa, hivyo msafara ukikwama jenerali mwenyewe alikwenda kuusukuma. Tangu hapo mambo yamezidi. Droni ndogo yenye kamera, ya bei ya dola mia chache, inamfuata mtu mmoja mmoja hadi mlangoni mwa handaki. Ukanda wa hatari umepanuka kilomita nyingi nyuma ya mahandaki, kiasi kwamba gari la chakula linawindwa sawa na kifaru. Kituo cha amri chenye antena nyingi na magari mengi kikigundulika asubuhi, jioni huenda kisiwepo. Na hata pasipo droni nyingi, mambo ni yaleyale: Januari 2025 Meja Jenerali Peter Cirimwami, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, aliuawa alipokuwa amekwenda mstari wa mbele karibu na Goma, na siku chache baadaye mji ukaanguka. Mtu anayesoma habari hizi mfululizo, kisha akasema kamanda abaki nyuma, hajakurupuka. Ila ushahidi wake unajibu swali la mahali pa kusimama, na mfano ni zaidi ya mahali pa kusimama.

Zamani mambo haya mawili yalikuwa kitu kimoja. Kabla ya redio, kamanda aliyetaka kuviona vita ilibidi awe palepale vilipo, na aliyetaka kusikika ilibidi awe umbali wa sauti yake. Lakini hata enzi hizo watu makini waliweza kuyatenganisha. Wanahistoria wa kale wanasimulia mambo mawili kuhusu Alexander Mkuu, yaliyotokea ndani ya mwaka mmoja hivi. La kwanza ni lile la ngome ya Wamalli huko India, alipoona askari wake wanasitasita kupanda ukuta, akapanda mwenyewe na kurukia ndani akiwa na watu wachache tu. Mshale ukamchoma kifuani. Jeshi lilipodhani amekufa lilichanganyikiwa, maana lilikuwa maelfu ya kilomita kutoka nyumbani na hakuna aliyejua nani angelirudisha, na alipopona rafiki zake walimlaumu waziwazi kwamba hiyo haikuwa kazi ya amirijeshi. La pili ni safari ya jangwa la Gedrosia mwaka 325 K.K. Askari walikuwa wanakufa kwa kiu. Wachache wakapata maji kidogo kwenye shimo, wakayatia katika kofia ya chuma na kumpelekea mfalme. Akayapokea, akawashukuru, akayamwaga mchangani mbele ya macho ya wote.

Yaweke matendo hayo mawili pamoja uyapime. La ukutani lilitaka ushujaa mkubwa na nusura liliangamize jeshi zima. La kofia ya maji halikuhatarisha amri hata kidogo, na ndilo lililowapa watu nguvu ya kuendelea kutembea. Yote mawili huitwa kuongoza kwa mfano. Wachambuzi wa droni wanaliona lile la kwanza, wanalihukumu kwa haki, halafu wanalizika pamoja na la pili.

Historia iliyofuata ni ya kamanda kusogezwa nyuma hatua kwa hatua, na kila hatua ilizua ubishi huuhuu tulionao leo. Oktoba 21, 1805, Admirali Nelson wa Uingereza alitembea kwenye sitaha ya meli yake huko Trafalgar, karibu na pwani ya Hispania, akiwa amevaa koti lenye nishani zake, akapigwa risasi na mdunguaji wa Kifaransa mchana, akafa kabla ya jioni. Wengi hukumbuka lile koti. Mimi naona lililo muhimu zaidi ni kwamba meli zake ziliendelea kupigana na kushinda bila kusubiri amri, kwa sababu wiki chache kabla alikuwa amewaita makapteni wake mezani na kuwaeleza anachotaka hadi kila mmoja akakielewa kama chake. Kifo chake kilikuwa msiba, lakini hakikuwa mkwamo.

Ilipofika Vita Kuu ya Kwanza, kamanda wa divisheni alikuwa na simu, ramani na mnadhimu wa kila kazi, na askari kwenye matope walianza kuamini kwamba majenerali wanakaa kwenye majumba ya kifahari wakinywa mvinyo. Picha hiyo haikuwa ya haki kabisa. Katika mapigano ya Loos huko Ufaransa, Septemba na Oktoba 1915, makamanda watatu wa divisheni za Uingereza waliuawa: Capper, Thesiger na Wing. Na katika jeshi la Uingereza kwa vita vizima, kiwango cha vifo vya maofisa kilikuwa takriban asilimia 17, wakati cha askari wa kawaida kilikuwa karibu 12. Luteni kijana aliyetoka handakini wa kwanza huku amepuliza filimbi alijua hesabu hiyo bila kuandikiwa. Hata hivyo lawama dhidi ya majenerali ilikuwa na mzizi wa kweli, nao haukuhusu umbali. Askari walihisi kwamba waliokuwa wanapanga mashambulizi hawakuijua ardhi ambayo wengine wangeifia: matope yalifika wapi, waya ulikatwa au haukukatwa. Mtu anaweza kusamehewa kwa kuwa mbali. Kutojua hali ya unaowatuma ni vigumu zaidi kusamehewa.

Kisa ambacho kila mjadala wa aina hii hukifikia, na ambacho nadhani hufundishwa nusunusu, ni cha Goose Green katika visiwa vya Falkland, ambavyo Uingereza na Argentina zilivipigania, Mei 28, 1982. Batalioni ya pili ya askari wa miavuli wa Uingereza ilianza kushambulia usiku. Kulipokucha ilikuwa bado haijafika ilikotarajiwa, na kombania yake ya mbele ilikuwa imekwama chini ya kilima cha Darwin, mahali peupe, mahandaki ya Waargentina yakiimwagia risasi kutoka juu. Kamanda wa batalioni, Luteni Kanali Herbert Jones, alisogea hadi kwenye kombania hiyo. Muda ukapita. Mwishowe akachukua bunduki yake, akazunguka upande mmoja na kupanda kuelekea handaki la adui, akiwa na watu wachache sana nyuma yake. Akapigwa risasi kutoka handaki lingine ambalo hakuwa ameliona, akafa. Alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa nchini kwake.

Wanaomtetea wanasema shambulio lilikuwa limekufa, na kamanda anayeona hivyo ana wajibu wa kulifufua kwa njia yoyote aliyonayo, hata kwa mwili wake. Wanaomkosoa wanasema kiongozi wa batalioni nzima alijigeuza kamanda wa seksheni, kikundi cha askari kama kumi tu, akawaacha mamia ya watu bila kichwa kwa ajili ya handaki moja. Mimi naheshimu ushujaa wake kwa moyo wote. Lakini jambo linalonishughulisha lilitokea kabla na baada ya mbio zile. Kabla, mpango wake ulikuwa umefungwa kiasi kwamba makamanda wa kombania nyingine walingoja ruhusa yake kwa karibu kila hatua, hivyo kombania moja ilipokwama na yeye akiwa humo, batalioni nzima ilikwama naye. Baada ya kifo chake, msaidizi wake, Meja Chris Keeble, alichukua amri na kuwaachia makamanda hao nafasi ya kuamua wenyewe. Wakasonga. Asubuhi iliyofuata Keeble aliwatuma wafungwa wawili wa Kiargentina kwa wenzao na pendekezo la kujisalimisha, na kikosi kikubwa kuliko chake kikaweka silaha chini. Jones alitangulia kwa kifua chake lakini hakuwa ametangulia kuwaamini maofisa wake. Nelson, ambaye naye alikufa katikati ya mapigano, alikuwa amewaamini wake kabla ya siku yenyewe.

Kwa hiyo kipimo ninachopendekeza si umbali wa mita kutoka kwa adui. Ni kuuliza: kuwepo kwa ofisa pale kulileta kitu ambacho asingeweza kukileta mwingine, na alipoondoka, kwa kifo au kwa uhamisho, watu wake waliweza kuendelea? Kipimo hiki kinamtetea jenerali aliyekwenda mbele kabisa pale inapostahili. Juni 6, 1944, kwenye ufukwe wa Utah huko Normandy, Brigedia Jenerali Theodore Roosevelt mdogo, mwana wa rais wa zamani wa Marekani, alitua na kundi la kwanza la mashua. Alikuwa na miaka 56, moyo wake ulikuwa mgonjwa na alitembea kwa bakora. Mkuu wake alikuwa amemkatalia, akaomba tena kwa maandishi, akakubaliwa kwa shingo upande. Ilipotokea kwamba mkondo wa maji umewapeleka karibu kilomita 2 kutoka mahali palipopangwa, makanali walihitaji mtu mwenye mamlaka aamue papohapo: wahamie mahali sahihi au waanzie hapo walipo na waelekeze mawimbi yote yanayokuja huko huko. Roosevelt aliikagua ardhi kwa miguu yake, akaamua waanzie hapo. Kisha akabaki ufukweni huku mizinga ikiangukia pande zote, akiwapokea waliokuwa wanatua na kuwaonyesha njia. Zaidi ya mwezi mmoja baadaye moyo wake ulisimama. Luteni asingeweza kuchukua uamuzi ule, na jenerali aliyekuwa melini asingeuona ulivyo. Alistahili kuwa pale alipokuwa.

Sasa turudi kwenye skrini, maana hapo ndipo kosa kubwa la wachambuzi lilipo. Wanazungumza kana kwamba jicho la angani ni jambo jipya ambalo halijawahi kujaribiwa. Limejaribiwa, Vietnam. Makamanda wa Marekani walipewa helikopta, na kwa mara ya kwanza kamanda wa batalioni aliweza kukaa juu ya mapigano akiyatazama yote. Juu yake mara nyingine alikuwepo wa brigedi, na juu zaidi wa divisheni, kila mmoja na redio. Kutoka juu msitu ni zulia la kijani. Mita 300 zinaonekana ni hatua chache. Chini yake yupo luteni usu mwenye miaka 23, anakata mianzi kwa panga, ana majeruhi wawili wa kubebwa kwenye machela, hamwoni adui aliye hatua kumi mbele yake, na sikioni ana sauti tatu za wakubwa zinamuuliza kwa nini haendi haraka. Waliorudi kutoka vita vile waliisimulia hali hii kwa uchungu miaka mingi baadaye. Helikopta ilimwonyesha kamanda uwanja mzima ila uzito wake: uchovu, hofu, mgongo uliopinda kwa mizigo.

Katika vita hivyohivyo, Novemba 1965, Luteni Kanali Hal Moore alitua na helikopta ya kwanza katika bonde la Ia Drang, akapigana na batalioni yake ardhini kwa siku tatu, na akahakikisha anaondoka wa mwisho, baada ya maiti wote wa Kimarekani kuchukuliwa. Hakukimbilia mahandaki ya adui kwa bunduki. Alikaa karibu na kichuguu kikubwa katikati ya eneo la kutua, redio pembeni yake, akigawa akiba yake ndogo ya askari upande uliokuwa karibu kuvunjika. Kazi yake ilikuwa ileile ya kamanda aliyekuwa hewani: kuona, kuamua, kusemezana kwa redio. Tofauti ni kwamba wale aliowaamrisha washikilie mstari walijua kwamba ukivunjika, na yeye yumo ndani yake.

Droni imempa kila kamanda ile helikopta, tena ya bei rahisi na isiyochoka. Anaweza kuwaona askari wake mmoja mmoja wakitambaa. Anaweza kumwambia koplo ahamie kushoto mita 5. Kishawishi hicho ni kikubwa, na wanaodai kwamba picha hiyo imechukua nafasi ya kuwepo hawajauliza askari anaipokeaje. Anajua anatazamwa. Anajua anayemtazama amekaa mahali penye joto na umeme. Akiambiwa asonge, anataka kujua kitu kimoja ambacho skrini haiwezi kumwambia: huyu anayenituma anaelewa anachoniomba? Kama alishawahi kulala katika shimo hili, kama aliingia kwa njia hii hii usiku wa zamu iliyopita akiwa amebeba maji na betri, jibu lipo. Kama hajawahi, amri inakuja ikiwa nyepesi, na amri nyepesi hutekelezwa nusu.

Wapo wanaojibu kwamba haya ni mahitaji ya askari wa zamani, wa kuandikishwa kwa nguvu na asiyesoma. Askari wa leo, wanasema, ni mtaalamu. Ana mkataba, mshahara, mafunzo na sheria ya kijeshi juu ya kichwa chake, hivyo atafanya kazi yake awe anamwona ofisa au hamwoni. Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote, na inashangaza inavyopewa nafasi. Juni 2014 mji wa Mosul ulilindwa na jeshi la Iraq ambalo Marekani ilikuwa imetumia miaka na mabilioni ya dola kulifunza na kulipa silaha. Washambuliaji, wapiganaji wa kundi la Dola ya Kiislamu (ISIS), walikuwa wachache mno wakilinganishwa nalo. Usiku wa kuamkia Juni 10 habari zilienea kwamba makamanda wa ngazi ya juu wameondoka mjini. Asubuhi askari walikuwa wamevua magwanda na kuyaacha barabarani. Mkataba ulikuwepo, mshahara ulikuwepo, sheria ilikuwepo. Rushwa na chuki za kimadhehebu zilikuwa zimelitafuna jeshi lile kwa muda mrefu, hilo ni kweli, lakini lililowaamulia askari walioyumba saa ile ni kuona kwamba waliokuwa na amri wameshaamua kuokoa roho zao. Na si habari ya leo wala ya jeshi moja. Mwaka 1948 wanasosholojia Edward Shils na Morris Janowitz, waliochunguza kwa nini askari wa Ujerumani waliendelea kupigana hata pale kushindwa kulipokuwa dhahiri, walikuta kwamba itikadi ilikuwa na uzito mdogo kuliko watu wengi walivyodhani. Askari alishikilia maadamu kikundi chake kidogo kiko pamoja na maofisa na masajini walio juu yake ni watu anaowaheshimu na wanaomjali. Kikundi kikivunjika, naye huvunjika.

Niliwahi kuketi na sajini mstaafu aliyepigana ujanani. Majina ya vilima alikuwa ameyasahau, na tarehe zilimchanganya. Alichokumbuka barabara ni kwamba luteni wao alijipangia lindo la saa tisa usiku, lile ambalo hakuna anayelitaka, na kwamba kila walipopumzika alipita akiwaambia wavue viatu, akiwaangalia nyayo mmoja mmoja kwa tochi aliyoifunika kwa kiganja, kisha akakaa chini naye akavua vyake ili wamwone. Hakunisimulia hata mara moja luteni huyo akikimbilia bunduki za adui. Nilipomuuliza kama alimwogopa alicheka, akasema wangemfuata popote.

Hayo ya viatu na lindo ndiyo yanayohitajika zaidi chini ya droni. Chukua nidhamu ya kujificha. Usiku wa kuamkia mwaka 2023, mabomu ya Ukraine yaliangukia jengo la chuo huko Makiivka, mji wa mashariki mwa Ukraine uliokuwa mikononi mwa Urusi, na jengo hilo lilikuwa limejaa askari wapya wa Urusi. Moscow yenyewe ilikiri vifo 89, naibu kamanda wa kikosi akiwa miongoni mwao, na ikasema sababu kuu ni askari kutumia simu za mkononi kinyume cha marufuku. Huenda simu zilichangia. Lakini nani aliamua kuwarundika mamia ya watu katika jengo moja, ndani ya upeo wa makombora ya adui? Askari aliyezuiwa simu anamtazama ofisa wake: na yeye kaizima? Gari lake linaegeshwa chini ya wavu au mlangoni ili asichafue viatu? Katika vita ambavyo ishara moja ya redio inaweza kuua platuni nzima, ofisa anayejipa ruhusa ndogo ndogo anawafundisha watu wake kujipa ruhusa hizo pia. Mfano wake unafika mbali kuliko amri yake, na unafika hata asipotaka.

Hapo pana jambo ambalo wanaopuuza uongozi wa mfano hawalipimi. Mfano hauwezi kufutwa kwa kumhamisha ofisa mahali pengine, kwa kuwa askari wataendelea kumsoma tu. Wakati mwingine wanachosoma ni cha kutisha. Machi 16, 1968, katika kijiji cha My Lai huko Vietnam, Luteni William Calley wa jeshi la Marekani hakuishia kuwaamuru askari wake wawaue wanavijiji wasio na silaha. Alifyatua mwenyewe, mbele yao. Huo nao ulikuwa mfano, na wengi waliufuata. Wanawake, wazee na watoto waliuawa kwa mamia. Juu ya kijiji hicho ilikuwepo helikopta ndogo ya upelelezi, rubani wake akiwa ofisa wa cheo cha chini aitwaye Hugh Thompson. Naye alikuwa na jicho la angani. Aliona mitaro imejaa miili. Angeweza kutoa taarifa kwa redio na kuendelea na zamu yake, na kwa kweli alitoa taarifa. Kisha akashusha helikopta kati ya askari wenzake na wanavijiji waliokuwa wanakimbia, akawaambia watu wake wawili kwamba Wamarekani wakiwafyatulia raia hao, nao wawafyatulie Wamarekani, akatoka akatembea hadi kwenye handaki la kujifichia na kuwatoa waliokuwemo. Nchi yake ilichukua miaka 30 kumtunuku nishani inayostahili tendo lile.

Simfikirii Thompson bila kumfikiria ofisa anayekaa leo mbele ya picha za droni. Anaona zaidi ya alivyoona Thompson, kwa ukaribu zaidi, na ana vijana wa miaka 20 pembeni yake walioshika vidhibiti na wanaosubiri sauti yake. Ndani ya chumba hicho hakuna risasi, ila upo mfano. Akicheka mtu anapolipuliwa, watacheka. Akinyamaza, akauliza mara ya pili kama aliyeinua mikono anajisalimisha, akasema subirini, nao watajifunza kusubiri. Hatari ya mwili imeondoka chumbani humo. Ya kugeuka kuwa mtu mwingine imebaki, na ofisa ndiye anayepaswa kuikabili kwanza ili walio chini yake waone inawezekana.

Nini kifuate kwa majeshi yenyewe? Kwanza, ngazi zitofautishwe bila aibu. Kamanda wa platuni hana namna ya kuongoza kutoka mbali, na vyuo visimdanganye kwamba teknolojia itambadilishia hilo. Kamanda wa brigedi hapaswi kuonekana handakini kila wiki, lakini akikosekana mwaka mzima pana kasoro. Amirijeshi anayekwenda mwenyewe anaweka rehani kitu kikubwa kuliko maisha yake: Aprili 2021 jeshi la Chad lilitangaza kwamba Rais Idriss Déby amekufa kwa majeraha aliyoyapata mstari wa mbele, na siku hiyohiyo nchi ikajikuta na bunge lililovunjwa na baraza la kijeshi chini ya mwanawe. Pili, anayekwenda mbele aende na kazi, aende kimya, bila msafara na bila mpiga picha, maana ziara ya kupigwa picha huwaachia askari droni za adui baada ya mgeni kuondoka. Tatu, wale wasioweza kwenda watafute mahali pengine pa kubeba mzigo: kula baada ya askari, kupanga zamu ambazo watoto wa wakubwa nao wamo, kuandika wenyewe barua kwa familia, kuwatazama usoni wanaorudi kabla ya kuwauliza ripoti.

Na la mwisho linahusu kamati za kupandisha vyeo, ambazo husoma alama za mitihani, kozi za nje na ripoti za wakubwa. Kabla ya kumkabidhi mtu batalioni, ziwaite masajini waliokuwa chini yake, mmoja mmoja, bila yeye kuwepo, ziwaulize mambo machache. Mara ya mwisho alilala mlikolala lini? Alipokosea, nani alilipa? Majeruhi walipokwama usiku na droni ziko juu, yeye alikuwa anafanya nini? Majibu hayo yawekwe juu kabisa ya faili.